Mkono Unaotafuta Choki

Sikio langu la kushoto nililiacha gati namba tano,
kwenye winchi, miaka ishirini na mitatu ya chuma kugonga chuma.
La kulia husikia adhana, simu,
na jina langu likiitwa kwa hasira.
Hayo nilimwambia Nyanje kabla hajavua turubai.

Pikipiki mbili. Fremu moja, mama mmoja,
usukani mpana kama pembe za ng'ombe wa Kiborana,
kiti cha chini, cha mtu asiye na haraka.
Nyekundu ina kabureta.
Nyeusi, mdogo wake kwa miaka kumi na moja,
hupuliziwa petroli na kompyuta
isiyozidi pakiti ya sigara.

Nyanje akavuta choki ya nyekundu, akapiga.
Ikakohoa. Ikakohoa tena,
kama anayeamshwa daku naye hakunuia kufunga.
Kisha ikashika, du-du… du, du-du… du,
nami nikaisikia kwa magoti.
Akatoa bisibisi, ncha akaiweka kwenye injini,
mpini akauuma.
"Sikio hudanganywa na ekzosi," asema. "Jino halidanganywi."
Akageuza skrubu robo, akarudisha nusu ya robo,
ikanyamaa kama mtoto aliyepewa ziwa.

Nikaomba bisibisi. Nikauma.
Injini nzima ikaingia kichwani,
ikapitia upande uliokufa.
Sijui ni kusikia au ni kutetemeka,
lakini kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa tisini na nane
kushoto kulikuwa na mtu.

Ungedhani yamekwisha.

Nyeusi niliiwasha kwa kidole.
Ikaanza tu, kama karani wa benki.
"Hii," asema Mwanahalima, amekaa juu ya tairi,
kiazi karai mkononi, ukwaju kidevuni.
Nikamwambia: ikizima Taru, nani ataisoma?
Kabureta naifungua kwa sarafu na subira.
Naye: tukipanda Wundanyi kwa dada yangu,
hewa ikawa nyepesi, nyekundu yako si italewa petroli?
Itatoa moshi mweusi, ushuke uifungue,
mimi nimeshika kofia mbili na mvua?

Ni mshonaji. Ana cherehani mbili, ya mguu na ya umeme.
Ya mguu aipenda.
Ya umeme ndiyo iliyolipa karo.
"Wataka pikipiki," akaniuliza,
"au wataka mgonjwa wa kuuguza?"

Mchagua jembe si mkulima, walisema.
Wao hawakuwahi kuwekewa majembe mawili Shimanzi,
saa kumi jioni, kiinua mgongo kikiwa mfukoni,
moja laimba, jingine latii.

Nilinunua nyeusi.
Sababu nilizozitoa: mafuta, milima,
foleni ya feri, ambapo kabureta hunukia
hata wasioipenda.
Sababu niliyoificha:
ile yahitaji sikio, nami sina la kuipa,
na sikutaka kila asubuhi kuuma chuma
nikimtafuta yule wa kushoto.

Sasa ni mwezi wa nne. Huwaka, kila mara, bila kuniuliza hali.
Wundanyi tumefika; haikubadili hata pumzi.
Lakini alfajiri, Kisauni ingali giza,
kabla kidole cha kulia hakijabonyeza,
mkono wa kushoto, uliofunzwa ujanani na pikipiki ya mikate,
huteremka wenyewe chini ya tangi,
hupapasa,
hukuta hewa.

Mwanahalima huona. Hangoji nieleze.
Hupanda nyuma, hunigonga bega la kushoto mara mbili,
kwani upande huo haniambii kitu kwa mdomo,
na maana yake ni twende.